Nusu Daraja la Santa Rufina

Eustolia Mendieta alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya daraja akiwa hayupo. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeanza tangu asubuhi, watu wamebishana mpaka makoo yamekauka, naye akakumbuka mikate yake iliyokuwa tanurini, akatoka mara moja kwenda kuiepua. Aliporudi, unga umemjaa hadi kwenye nyusi, akakuta ukumbi mzima unampigia makofi. Kwetu sisi, anayetoka nje wakati wa uchaguzi amejitakia mwenyewe. Eustolia alilijua hilo kama tunavyolijua sote, lakini mkate ukiungua umeungua. Kilichomchoma roho ni kumkuta mumewe, Wulfrano, bado ameuinua mkono.

"Hata wewe?" akamuuliza wakiwa njiani kurudi nyumbani.

"Nisingeunyoosha wangesema sikuamini," akajibu Wulfrano. "Na mimi nakuamini, mke wangu. Tena sana."

Siku hiyo Wulfrano alikula maharage ya jana.

Kazi yenyewe haina mshahara. Huku Santa Rufina, kwenye milima ya Oaxaca, kijiji hukupa wadhifa, ukautumikia mwaka mzima kwa jasho lako, ukimaliza salama unashukuriwa kwa chakula na muziki. Ukiuvuruga, jina lako linabaki midomoni mwa watu hata wajukuu wako walisikie. Tena mwenye wadhifa haruhusiwi kulala nje ya kijiji mpaka muda wake uishe, awe na harusi, awe na msiba. Eustolia alikuwa mwoka mikate, mwanamke wa mikono minene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuwaka. Kuhusu madaraja alijua kuyapita tu.

Lakini daraja hili alilitaka kuliko sisi wote. Binti yake wa pekee, Aquilina, ameolewa ng'ambo ya mto, kwenye kitongoji cha Las Joyas. Kiangazi unavuka juu ya mawe, viatu mkononi, unafika kahawa ikiwa bado ya moto. Masika mto unajaa na hakuna anayevuka, wiki kwa wiki. Na sasa Aquilina alikuwa mjamzito, anatarajia kujifungua masika yakiwa yamepamba moto, na hakutaka kuzalia kokote ila mikononi mwa mama mkwe wake, mkunga hodari wa upande ule. Eustolia alikuwa amekwisha kuapa mbele ya wateja wake wote kwamba mjukuu wake wa kwanza atampakata siku ileile atakayozaliwa. Alipoapa, alikuwa analifikiria daraja.

Serikali ilimleta injinia, Rebeca Olmedo, msichana mrefu asiye na makuu, aliyekula mikate mitatu kwa mkupuo na hivyo akapendwa mara moja. Alichora daraja la vipande viwili vinavyokutana juu ya nguzo ya katikati: kimoja juu ya ufuo wa changarawe wa upande wetu, kingine juu ya mkondo wenye kina. Msimamizi wa waashi alikuwa Fidencio, ambaye yeye na Eustolia waliitana kompadre na komadre, kwa kuwa Eustolia alimsimamia mwanawe ubatizo. Kila Jumamosi kijiji kilitoka kwa msaragambo. Wengine walibeba mawe, wengine walichekecha mchanga, na bendi ilipiga. Wapiga bendi hawabebi kitu, muziki ndio msaragambo wao. Wulfrano, mpuliza tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, hakuinua hata kokoto moja mwaka mzima, na jioni alikuwa wa kwanza kulalamika mgongo.

Mwisho wa Aprili kila kitu kilikuwa tayari. Nguzo zilisimama, mbao za kumwagia zege zilipigiliwa, nondo zilifungwa, na chini yake ilijaa mirunda ya misonobari kushikilia uzito mpaka zege likomae. Mkutano ukaamua zege limwagwe mkesha wa Msalaba Mtakatifu, ambayo ni sikukuu ya waashi, ili kesho yake msalaba wa maua usimikwe juu ya daraja zima na watu wacheze mpaka viatu viachie soli.

Asubuhi ya mkesha, vilele vya juu vilikuwa vimefunikwa na wingu zito, na maji ya mto yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Batamzinga walikwisha kuchinjwa. Wanawake walikuwa wakikoroga mole, mchuzi mzito wa pilipili, kwenye masufuria makubwa kama beseni la kuogea, na bendi ilikuwa inajaribu vyombo. Rebeca akamvuta Eustolia pembeni.

"Mama Eustolia, mirunda ile ya mtoni inabidi ibaki chini ya zege wiki mbili, tatu," akasema. "Mto ukija katikati ya hapo utakuja na magogo. Magogo yakigonga mirunda, kipande chote kinaondoka, na saruji ya mwaka mzima inakwenda nacho."

"Utakuja?"

"Sijui. Huenda usije kabisa. Mimi naweza kukuambia tutapoteza nini ukija." Akaonyesha kwa kidole. "Tunaweza kumwaga vyote viwili. Tunaweza kumwaga hiki cha changarawe peke yake, pale maji hayafiki mpaka Julai, na tukaishia vizuri juu ya nguzo ya kati. Au tuahirishe vyote mpaka masika yaishe. Lolote mtakalochagua nitalisimamia na sitawakimbia."

Eustolia akaguna. Alitamani mno injinia amwambie la kufanya, apate wa kumlaumu baadaye. Akawaita watu palepale ukingoni na kuwaeleza yote kama alivyoelezwa. Kisha akauliza nani anataka vyote viwili vimwagwe. Mikono ikapanda kama shamba la mahindi, wa kwanza ukiwa wa Fidencio. Kusema kweli, hata wa Eustolia ulikuwa umeanza kupanda. Alikuwa amekwisha kujiona akivuka na kikapu cha mikate, mvua ikinyesha, mto ukinguruma chini yake bila kumfanya kitu.

Ndipo akauliza swali la pili. Mto ukija, nani ataingia majini kusukuma magogo yasigonge mirunda, zege bichi likiwa juu ya kichwa chake?

Watu wakatazamana. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Abundio, mkwewe, mume wa Aquilina, aliyevuka asubuhi hiyo na suruali bado imekunjwa magotini. Aliuinua huku akitabasamu, kama mtu anayejitolea kwenda kununua chumvi. Vijana wengine wakamfuata. Eustolia akaitazama ile miguu yenye maji, na moyo ukamlipuka.

Mkutano huamua, lakini siku ya kazi neno la mwisho ni la mwenye wadhifa, kwa sababu ndiye atakayesemwa. Akalitumia.

"Tunamwaga cha changarawe," akasema. "Mirunda ya mtoni tunaitoa leo hiihii. Kipande kile kitangoja Novemba."

Fidencio akavua kofia akaitupa chini. "Komadre, unatujengea daraja la kwenda wapi? La kwenda katikati?"

"La kwenda katikati, kompadre. Shika koleo."

Lo, watu walinuna. Walinuna kwa muda wa nyimbo mbili hivi. Zege likishaanza kumwagwa halisimami mpaka kipande kiishe, na hakuna anayeweza kununa huku akipokea ndoo kwa mkono wa kushoto na kuipitisha kwa wa kulia, bendi ikimkimbiza nyuma. Mashine ilikoroga, ndoo zikapanda mstari mmoja na kushuka mwingine, vikongwe wakapita na maji ya matunda, na Rebeca akapakaa zege mpaka kwenye masikio. Fidencio alilisawazisha kwa mbao yake ndefu huku akilaani taratibu, lakini alilisawazisha kama mtu anayetandika kitanda cha maharusi. Mchana ulipogeuka walikuwa wamemaliza. Wakala, wakanywa pombe kali ya mezkali, na kesho yake Fidencio akausimika msalaba wa maua kwenye nguzo ya katikati, ukitazama ng'ambo. Alisema anauelekeza huko ili Mungu aone kazi imebaki wapi.

Na mto haukuja.

Wingu lile lilikwenda kunyesha kwa watu wengine. Jua likawaka, maji yakarudi kuwa maangavu, watoto wakaogelea palepale ambapo mirunda ingesimama. Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine tena, zege la pili lingekuwa limekomaa na kukauka kama jiwe, na kila mtu alipiga hesabu hiyo kwa sauti akiwa dukani kwa Eustolia. Walimwomba nusu mkate. Walimuuliza kama siku hizi anasuka nywele upande mmoja. Fidencio, akipita, alimsalimia "habari za nusu asubuhi". Eustolia alijibu kila mmoja kwa ulimi uleule mkali, watu wakacheka, naye akacheka. Lakini aliumia. Aliunguza mikate kwa kuwaza, na mara moja Wulfrano alimkuta amekaa mbele ya tanuri, machozi yanamtoka, akisema laiti angepata mtu wa kumwambia mapema kwamba mto utangoja. Wulfrano akaketi karibu naye, wakala mikate iliyoungua.

Halafu masika yakaanza kweli, mto ukafura kutoka ukingo hadi ukingo, ukaumeza ufuo wote wa changarawe, na Las Joyas ikawa mbali kama nchi nyingine.

Asubuhi moja ya Julai mvua ilikuwa imepumzika. Mwuza maziwa akaja mbio akisema kuna watu ng'ambo wanapunga shuka jeupe. Eustolia aliacha unga kwenye meza, akakimbia na aproni yake, nusu ya kijiji nyuma yake, na bendi nyuma ya kijiji, kwa kuwa bendi yetu haijui kuachwa. Miaka yote masika tulisimama juu kule kwenye ukingo, na kwa mngurumo wa maji usingetofautisha sauti ya mtu na ya mbuzi. Sasa alikimbia juu ya zege, maji ya kahawia yakipita chini yake pande zote, mpaka akaufikia ule msalaba, na mbele yake ukabaki mkondo peke yake.

Abundio alikuwa amesimama kwenye mwamba wa upande wa pili. Alikuwa karibu kiasi cha kuonekana meno. Mikononi alikuwa na kifurushi, na nyuma yake Aquilina ameegemezwa kwenye kiti, anapunga mkono.

"Msichana, mama!" akapaza sauti.

"Anafanana na nani?"

"Na wewe! Hajanyamaza tangu alfajiri!"

Watu wakaangua kicheko pande zote mbili za maji. Abundio akakifunua kifurushi na kukiinua juu, na Eustolia akauona uso mdogo mwekundu uliokunjamana kwa hasira, akalia na kucheka kwa pamoja bila kujali nani anamtazama.

Fidencio alikuwa amefika ubavuni mwake, anahema. Alimtazama mtoto, akautazama mkondo.

"Siku ile tungemwaga lote, komadre," akasema, safari hii bila mzaha, "leo ungekuwa umempakata."

"Najua."

"Mto ulingoja."

"Ulingoja, nami sikujua kama utangoja. Nirudishie siku ile, kompadre, niwekee wingu lile na mikono ile iliyoinuka." Hakuyaondoa macho ng'ambo, kwa Abundio aliyesimama kwenye mwamba na miguu yake miwili mikavu. "Nitamwaga nusu."

Fidencio akavua kofia, safari hii taratibu, akainama kidogo na kumpa mkono. Wulfrano akajaza mashavu, tuba ikanguruma kuliko mto, na Eustolia akacheza juu ya daraja lake lenye kuishia majini, uso umeelekea upande wa pili, ambako mkwewe alikuwa anacheza pia, mtoto kifuani.