Sahani Iliyorudi Tupu

Mwezi uliopita dalali wa nyumba alituuliza, mimi na mume wangu, tunatafuta mtaa wa namna gani. Mume wangu hakumpa nafasi hata ya kumaliza swali. Akataja shule nzuri, akataja bustani ya watoto kukimbilia, akataja stesheni iliyo karibu, na mwisho akaongeza kwamba mtaa uwe na utulivu. Dalali akanigeukia na kuuliza mimi je. Jibu nilikuwa nalo, rafiki yangu, lakini nililimeza. Utamwambiaje kijana mwenye viatu vya kuchongoka kwamba unatafuta mtaa ambao sahani hairudi tupu?

Wewe nitakueleza, maana najua hutanicheka, na hata ukinicheka utanivumilia hadi mwisho.

Nililelewa mtaa wa Tottenham, huku huku kwa Waingereza, kwenye jengo la nyumba za kaunsili, halmashauri ya mtaa, lenye lifti iliyofanya kazi siku inapojisikia. Milango ya ghorofa yetu yote ilitazama ujia mmoja mrefu ulio wazi, wenye ukuta wa kufika kifuani, na maisha yetu yote yalipita kwenye ujia ule. Nguo zilianikwa hapo. Mchele ulichaguliwa hapo, mama na wenzake wakiwa wameegemea ukuta na sinia mikononi, wakitazama mabasi yanavyosukumana chini. Jumapili nyimbo za kanisa zilipanda kutoka kwenye ukumbi wa chini, ngoma na kinanda, na mama yangu, Mwislamu wa Tanga asiyeruka swala, alikuwa akikoroga uji kwa kufuata mdundo wao. Baba akimtania, alijibu kwamba mkono ndio unaocheza, yeye mwenyewe hayumo.

Mlango wa pili alikaa bibi mmoja wa Kikongo aliyekuja mjini kumfuata mwanawe, mwanawe akahama na yeye akabaki. Jina lake sikuwahi kulijua. Alikuwa Bibi, basi. Mama alipokuwa kwenye kazi yake ya usafi wa ofisi, Bibi ndiye aliyenipokea kutoka shule. Nilikuwa namsikia kabla sijamaliza ngazi: "Mwana, kuya ukule." Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu na chetu cha Tanga, na mama alikuwa akinisahihisha kila ninapoingia nyumbani nikiongea kama Bibi. Nilikuwa nasahihika mpaka kesho yake mchana.

Baina ya milango ile miwili ilitembea sahani. Ilikuwa ya bati, nyeupe, ina maua mekundu ukingoni na imebanduka rangi mahali pamoja ilipoanguka. Mama alikuja nayo kutoka kwao ndani ya kanga. Akipika vitumbua, vya kwanza kutoka kwenye chuma ni vya Bibi. Mwezi wa Ramadhani ilikwenda na mihogo ya nazi, au tambi, au mkate wa kumimina ambao harufu yake ya hiliki ilifika ghorofa ya chini kabla hatujaukata. Mimi nilikuwa mchukuzi. Nilifunika kwa kitambaa, nikapiga hodi, nikasimama wima kama nilivyofundishwa.

Na sahani ilirudi na kitu. Hiyo ndiyo desturi, na mama hakuwa na mchezo nayo. Ikirudi na sombe, kisamvu cha kwao Bibi, yenye samaki mkavu, vizuri. Ikirudi na maandazi, vizuri. Kuna wakati Bibi alikuwa anaumwa na hana kitu jikoni, akatia ndizi mbili na limau, na mama akazipokea kwa mikono miwili kama kapokea pilau. Aliniambia hata chumvi inatosha, hata kitunguu, lakini mtu hamrudishii mwenzake chombo kitupu. Chombo kitupu maana yake tumeishia hapa, usije tena. Sijui kama Tanga nzima inaamini hivyo. Mama aliamini.

Baba alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege. Aliondoka alfajiri sisi tumelala, akavuka jiji zima, akarudi macho mekundu. Ikafika siku akasema basi. Amepata nyumba Hounslow, upande wa pili wa jiji, karibu na kazini, yenye uwanja nyuma na shule inayosifiwa. "Mtoto halelewi kwenye lifti mbovu," alisema, na alikuwa na haki, maana wiki ile alikuwa amenibeba mgongoni ngazi zote nikiwa na homa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu.

"Na jirani ni nani?"

"Jirani si tutamkuta huko huko," baba akasema.

Siku ya kuhama Bibi hakutoka nje. Alimpa mama chungu cha sombe mlangoni, akanishika kidevu, akafunga mlango.

Hounslow ilikuwa na kila alichokitaja baba. Nilipata chumba changu. Nilipata nyasi. Ndege zilipita chini hata ukaona magurudumu, na baba alikuwa akizitambua kwa rangi za mikia kama mchungaji na ng'ombe wake. Kilichokosekana ni ujia. Kila nyumba na mlango wake, na kila mlango na njia yake ndogo, na watu wakaingia majumbani mwao bila kuonana. Mama alikaa siku kadhaa akitazama nje dirishani. Kisha akaloweka mchele.

Alipika vitumbua vile kama anapikia harusi. Akavipanga kwenye sahani ya maua, akafunika kitambaa kipya, akanituma nyumba ya pili. Alifungua mwanamke wa Kiingereza, makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mkufu. Alishangaa, akashika shavu, akashukuru mara nyingi hata nikaona haya. Nikamrudishia mama habari njema, na mama akaimba jioni nzima.

Sahani ilirudi siku chache baadaye. Mama mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Jirani akatabasamu, akasema vilikuwa vitamu sana, akamkabidhi, akaenda zake. Mama akaja nayo jikoni, akaiweka mezani. Ilikuwa imeoshwa ikaoshwa tena, inang'aa kuliko tulivyoipeleka. Akaigeuza juu chini, akatazama mgongo wake, akaigeuza tena.

"Amenirudishia tupu," akasema.

Baba akacheka, akasema Wazungu ndiyo adabu yao, wanaosha chombo cha mtu vizuri, hiyo ndiyo shukrani. Mama akajibu kwamba kuosha hata yeye anajua. Akaipandisha juu ya kabati, mwisho kabisa, na ikakaa huko.

Ninavyokusimulia leo inaonekana jambo dogo. Lakini sahani ile ndiyo iliyoufunga mlango wa mama yangu. Hakugombana na jirani. Wakikutana walisalimiana kwa habari za hali ya hewa na kila mtu akashika njia yake. Ila hakupeleka tena, si kwake, si kwa nyumba nyingine yoyote ya mtaa. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimwambia huenda yule jirani hakujua tu. Akasema mtu asiyejua huuliza. Akipika vitumbua alikuwa akivifunga kwa taulo viendelee kuwa na moto, akapanda treni ya chini kwa chini na kubadilisha njiani, akampelekea Bibi Tottenham. Alikuwa akirudi na sombe kwenye mfuko, uso wake umekunjuka, na usiku huo tulimsikia akiongea.

Kisha kaunsili ikaanza kuhamisha watu kwenye lile jengo ili livunjwe. Bibi akapelekwa mji mwingine ambao hakuwahi kuusikia. Simu yake iliita kwa muda, halafu ikaacha kuita. Mama hakupata mtu wa kumuuliza. Akaendelea kupika vitumbua, lakini vichache, vya watu wa nyumbani, na baba alipofariki akaacha kuvipika. Afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, wahenga walisema, na mama aliishia hana huyu wala yule. Nilimtembelea Jumamosi. Jumamosi ni siku moja, rafiki yangu, na wiki ina nyingine zote.

Tulimzika mwanzoni mwa mwaka huu.

Sasa unaelewa kwa nini nyumba ile ya Hounslow niliikataa. Mume wangu hakuelewa, na simlaumu. Tuna watoto wawili wadogo ambao nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, tunaishi chumba na sebule, na mama ameniachia nyumba yenye uwanja, na shule inaonekana kutoka dirishani. Kila wikiendi nilikuwa nikimzungusha yeye na watoto jiji zima. Mpaka mtaa wa Thamesmead tulikwenda. Tottenham niliwapeleka, nikasimama pale lilipokuwa jengo letu, pamejengwa minara ya vioo yenye mlinzi mlangoni, na watoto wakaniuliza tunatazama nini. "Mwenzangu," mume wangu aliniambia kwenye basi, "nyumba ipo. Unakimbia nini?" Nikamwambia mtaa ule ulimuua mama yangu kwa upweke, na sitawalea wanangu humo.

Wiki iliyopita nilikwenda peke yangu kuondoa vyombo vya mama. Nilikuwa nikianua mapazia uani nikasikia naitwa kutoka upande wa pili wa uzio. Ni yule jirani. Amezeeka, anatembelea mkongojo, miwani bado iko kwenye mkufu. Alinipa pole. Akaniambia nyumba yake imeuzwa, mwanawe anamhamishia kwake, anaondoka mwisho wa wiki. Nikasema maneno yanayosemwa. Nilikuwa nimekwisha kugeuka alipouliza kama anaweza kuniuliza kitu.

Alisema mwaka ule tulipohamia, mama alimletea vile vikate vitamu vya mchele, na hajasahau ladha yake. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumletea chakula mlangoni mtaani hapo. Alingoja mama avilete tena. Mwaka baada ya mwaka alikuwa akisikia harufu yake ikivuka uzio, akajua vinapikwa, na haviji.

"Nimejiuliza sana nilimkosea nini," akasema. "Niliona haya kumuuliza."

Nilishika ule uzio. Nikamweleza habari ya sahani, yote, na ndizi mbili na limau la Bibi, na maana ya chombo kitupu. Nilipokuwa nikieleza nilimwona anaweka mkono shavuni vile vile kama siku ile aliponifungulia mlango. Hakujitetea. Akasema tu kwamba aliiosha mara mbili, kwa kuwa alitaka mama aone ameitunza.

Nikalia, sikufichi. Nililia kuliko nilivyolia makaburini, maana makaburini nilijua ninachokililia. Wanawake wawili walikaa ukuta kwa ukuta mpaka nywele zikawa nyeupe, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake hamtaki. Na mmoja wao alikuwa mama yangu, ambaye alivuka jiji kwa treni mbili kutafuta mtu wa kumpa vitumbua.

Jirani akaniuliza kama ile sahani bado ipo. Nikaingia ndani, nikapanda kiti, nikaitoa juu ya kabati ikiwa na vumbi. Akaniomba aiazime. Nikampa juu ya uzio bila kuifuta.

Jumamosi nilikwenda na mume wangu na watoto kumalizia kazi. Gari la mwanawe lilikuwa limesimama nje, limejaa maboksi. Mlango ukagongwa, nikafungua. Amesimama na mkongojo mkono mmoja, mwingine umeikumbatia sahani kifuani, imefunikwa kitambaa. Chini ya kitambaa palikuwa na keki ya limau aliyoioka mwenyewe, imeungua upande mmoja.

"Nimechelewa," akasema.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Mwanawe akamshika kiwiko, akamwingiza garini, na gari likaondoka.

Mume wangu nimemwambia tutahamia nyumba ya mama. Anadhani shule ndiyo iliyonishawishi, na nimemwacha adhani. Kwa desturi, sasa zamu ni yetu. Sahani iliyojaa hujibiwa. Lakini nyumba ya pili mapazia yameondolewa na ndani hamna mtu. Lile jengo la Tottenham halipo, na Bibi sijui amelazwa ardhi gani, na wanangu hawajui sombe wala kitumbua cha kwanza kutoka kwenye chuma.

Siku ile niliibeba mpaka jikoni, nikaiweka mezani pale pale mama alipoigeuza juu chini. Watoto wakauliza, kwa Kiingereza chao, kama wanaweza kula. Nikawaambia wangoje kidogo. Sahani ya mama ilikuwa imerudi na kitu, na nilitaka kumwita mtu aje aone, na nyumba nzima hapakuwa na aliyeijua ila mimi.