Kipande cha Sahani ya Sita

Mjukuu wangu Hedwiga ni msomi wa mawe, na mimi niliyeishia darasa la nne ndiye niliyemfundisha kuhesabu, kwa mbegu za kahawa.

Alirudi hapa Sekei na udongo mkavu wa Lindi, uliotolewa chini sana ardhini. Aliupanga barazani kwenye sahani tisa, kila sahani tabaka lake. Alinieleza kwamba ndani mna viumbe vya bahari, vidogo kuliko punje ya ulezi, vilivyogeuka mawe. Ukivitambua, unajua tabaka lina umri gani na bahari ile ilibadilika lini. Udongo ule ulikuwa wa utafiti wake wa shahada, na shimo ulikotolewa halichimbwi mara mbili.

Jumamosi nikamsikia: "Bibi, nani kagusa sahani ya sita?"

Nikakumbuka. Asubuhi Hope, mke wa kaka yake, mjamzito wa miezi saba, aliishiwa pemba, ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni. Nikaona vipande vya kijivu, laini, nikampa.

"Ni mimi," nikasema. Sijawahi kumsingizia mtu.

"Bibi! Viumbe vinabadilika hapo hapo! Bila tabaka la sita sina cha kuonyesha."

Hope akatoka jikoni ameshika tumbo. "Wifi, kwa hiyo nimekula bahari?"

"Utazaa samaki. Umebakiza?"

Akafungua pindo la khanga. Kipande kama ukucha wa kidole gumba. "Niliweka cha jioni."

Hedwiga akakiloweka, akakiosha juu ya chekeche lenye matundu madogo kuliko la unga, akakausha kilichobaki kwa moto mdogo. Mimi nilishika bakuli kwa mikono ile ile iliyogawa udongo, nikaona aibu. Kisha akainamia hadubini aliyoazima chuoni. Akakaa. Uji ukaungua, hakuna aliyeinuka.

"Kuna nini?"

"Mchanga tu, Bibi."

Akasogeza punje kwa ncha ya brashi. Tena. Tena.

"Njoo utazame."

Niliona kitu kimejikunja kama konokono, kizima, hakina hata ufa.

"Kimoja tu?"

"Vitano. Na si vile vya sahani ya saba!"

Akafungua daftari, akaandika: sampuli ya sita, ndogo.

"Andika na sababu," nikamwambia.

"Niandike Bibi alimpa wifi akala?"

"Andika. Na jina langu uliandike lote."