Robota Hakuwa Mtu

Harufu ya majani ya mkonge yaliyokamuliwa, ile chachu inayokaa puani hata ukishavuka barabara, hunirudisha Pongwe, kwenye kambi ya shamba tulikolelewa miaka ya hamsini. Baba alishuka kutoka Usambaa kutafuta kazi, akawekwa kwenye mashine ya kufunga marobota ya katani. Mimi nilisoma shule ya misheni, na huko ndiko nilikompata Mwalimu Yohana.

Alikuwa Mbondei mwembamba, mwalimu wetu wa Kiingereza. Siku aliyofundisha maneno ya vishindo tulicheka mpaka machozi. Aliangusha rundo la vitabu sakafuni: "Crash!" Akabamiza mlango: "Bang!" Kisha akajigonga kichwa ukutani, akashika utosi. "Bump," alisema, "ni kule kujigonga, na ni hii nundu inayoota baadaye. Neno moja, kazi mbili."

Akatueleza kwamba crash lilizaliwa na mlio wenyewe, kama sisi tusemavyo pu! kitu kikianguka; kwamba bang, wasemavyo wajuzi, lilipelekwa Uingereza na watu wa kaskazini waliolitumia kwa kugonga nyundo; na kwamba strike, kabla halijawa pigo, lilikuwa kupitisha mkono polepole juu ya kitu. "Lakini beat," akaonya, akiinua fimbo yake, "mara nyingi ni pigo juu ya pigo, kama mnavyolijua."

Jumamosi moja mwaka ule, robota liliporomoka kutoka juu ya rundo likampiga Baba kisogoni. Aliinuka mwenyewe, akacheka, akasema si kitu. Baada ya saa moja akaanza kutapika na kusema ovyo. Nyapara akampakia kwenye lori la shamba, mama na mimi tukapanda nyuma, tukaenda hospitali mjini Tanga.

Daktari alikuwa Mzungu kijana, hajamaliza mwezi tangu afike. Kiswahili chake kiliishia kwenye jambo. Dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda aliyemtafsiria siku zote, alikuwa mazishini, basi nyapara akajitwisha kazi hiyo kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: "Beaten, sir. Beaten by Robota."

Kwetu kupigwa ni kupigwa, iwe na mtu au na jiwe. Daktari alisikia ugomvi. Akamtazama Baba akiyumba, akauliza huyo Robota yuko wapi, na kama wote wawili walikuwa wamelewa. "Yes, sir," akaitikia nyapara, maana ndilo jibu alilolizoea. Daktari akaonyesha benchi la nje: alale pale mpaka pombe imtoke.

Mama alinishika bega. "Wanasemaje, mwanangu?"

"Wanasema Baba amelewa."

"Baba yako? Hajapata kuionja! Hebu mwambie!"

Nilimfuata daktari hadi mlangoni. Sarufi yote ilinitoroka. "Please, sir. Not beat. Robota not a man." Nikatanua mikono kuonyesha ukubwa wake, nikaiinua juu, nikaiangusha kwa nguvu. "Crash!" Kisha nikashika kisogo changu. "Bump. Big bump, sir."

Akasimama. Akarudi kwa Baba, akapitisha vidole kwenye nywele zake taratibu, na vilipofika nyuma uso ukambadilika. Akamchungulia macho, moja baada ya jingine, kisha akapaza sauti kuita machela. Alasiri ile ile walimpasua, wakatoa damu iliyokuwa imeganda ndani ya fuvu.

Siku ya nne Baba aliniita kwa jina langu. Daktari alipopita wodini alimwinamia mama, akasema, "Samahani, mama," polepole, kama aliyefundishwa maneno hayo asubuhi ile. Na nilipomsimulia Mwalimu Yohana, aliugeukia ubao akaufuta kwa muda mrefu, ingawa haukuwa na maandishi.

Baba peke yake hakuniambia kitu. Nilingoja neno la shukrani, halikuja, nikanuna. Wiki aliyoruhusiwa kutoka, bendeji ingali kichwani, alimshika mkono mdogo wangu Eliza wakatembea mpaka shuleni akamwandikishe. Kambini walicheka: mabinti wawili wa nyumba moja, wote shule? Mimi niliona wivu, nikidhani amekwisha kunisahau. Ilinichukua miaka, mpaka nilipolea mabinti zangu mwenyewe, kujua kwamba asubuhi ile Baba alikuwa akizungumza na mimi.