Karata za Sudi Muuguzi

Sudi Mbaraka alikuwa muuguzi kwa miaka ishirini na miwili katika zahanati moja ya Mikelenge, pale Kindu, na ukimwuliza mtu yeyote wa mtaa ule alikuwa wa namna gani, atakwambia kwanza kwamba alikuwa mcheshi. Hilo ni kweli. Wasilosema watu ni kwamba ucheshi wake uliongezeka kadiri dawa zilivyopungua. Wakati wa Wazungu alikuwa kijana wa kuchoma sindano, kabati lake limejaa, hana haja ya kumchekesha mtu. Kufikia mwaka wa sabini na tisa kabati lile lilikuwa na aspirini, chupa ya dawa nyekundu ya vidonda, na panya. Mgonjwa akija, Sudi alimpima kwa mikono, akamweleza kwa ufasaha kabisa anaumwa nini, kisha akampa nusu ya aspirini na kichekesho kizima. Watu walirudi nyumbani wakicheka, na wengine walikufa wiki ya pili wakiwa wamechekeshwa vizuri.

Karata zake alizitengeneza msimu mmoja wa mvua. Zahanati ilikuwa imeomba kwinini, na kutoka Kinshasa ikaletewa bunda kubwa la fishi za wagonjwa, karatasi ngumu, safi, nyingi kuliko wagonjwa wenyewe. Sudi akachukua fungu moja, akazikata katikati, na juu ya kila kipande akachora kiungo cha mwili, akiiga picha kuukuu iliyokuwa ukutani kazini. Hakuridhika na kuiga. Kila kiungo alikipa uso. Tumbo lilikuwa na mashavu ya mkubwa wa mtaa, na mtaa mzima uliyajua mashavu yale. Mafigo yalikuwa dada wawili mapacha walionuniana. Ini lilikuwa mama mnene wa sokoni, kichwani mzigo, asiyelalamika. Kidole-tumbo peke yake hakukipa uso. Alinong'ona tu kwamba hicho ni kama kadi ya chama, kila mtu anazaliwa nacho na hakuna anayejua kazi yake. Safi, mkewe, alimziba mdomo kwa kiganja akachungulia dirishani.

Mchezo wenyewe uliitwa muntu mujima. Kila mchezaji alikusanya viungo mpaka amalize mtu mzima, kuanzia ubongo mpaka kibofu. Ukitaka karata iliyo mkononi mwa mwenzako, sharti uguse mahali penyewe kwenye mwili wake yeye, utaje jina la kiungo. Ukigusa sawasawa, naye anayo, anakupa. Ukikosea, unabebeshwa firigisi. Karata ya firigisi aliidai Mwamini, kitinda mimba wao wa miaka tisa, ambaye hakukubali hata kidogo kwamba kuku anayo na mtu hana. Aliyebaki nayo mwisho alizunguka nyumba akilia kama kuku anayetaga, majirani wakisikia.

Sheria ya kugusa Sudi aliitunga kwa ajili ya Hadidja, binti yake mkubwa. Hadidja alikuwa na miaka kumi na minane na alitaka kuwa muuguzi tangu akiwa na urefu wa kabati la dawa. Sudi alimwambia kwamba vitabu vitaliwa na mchwa na mashine zitaharibika, ila mkono unaojua pa kugusa hakuna atakayekuja kuutaifisha. Hadidja hakubebeshwa firigisi hata siku moja.

Shida ilikuwa Bibi Zawadi. Huyu alikuwa mama yake Safi, mjane aliyehamia kwao kutoka Kailo, na kwa watu wake mama mkwe hamgusi mkwewe wa kiume, wala hamtazami usoni, wala hawachovyi bakuli moja. Kwa hiyo miezi ya kwanza Bibi alikaa nje ya mlango, ameupa mchezo mgongo, akisikiliza kicheko cha wenzake. Hilo lilimshinda. Siku moja aliingia na mwiko wa bugali, ameuosha na kuukausha juani, akaketi kwenye mkeka wake wa pembeni na kutangaza kwamba mwiko si mkono. Tangu hapo Bibi alipotaka kitu kwa Sudi aligeuza uso ukutani, akanyoosha mwiko, akamchoma nao. Nusu ya firigisi zote za nyumba ile zilikuwa zake, kwa sababu ya kuchoma bila kutazama. Na ni yeye aliyeuliza mbona karata ya roho haipo. Sudi akajibu kwamba roho haichoreki. Bibi akamtuma Mwamini, aliyeketi hatua mbili kutoka hapo, amwambie baba yake kwamba basi hao watu wanaowajenga kila siku ni maiti watupu.

Walicheka, jamani. Nyumba ile ilicheka mpaka mvua ikaona wivu.

Mwezi wa nane, akioga, Sudi alipitisha sabuni chini ya mbavu za kulia akakuta kitu kigumu. Kesho yake alifunga mlango wa zahanati, akalala kwenye benchi la wagonjwa, akajipima kama anavyompima mtu wa nje. Ini lilikuwa limeshuka vidole viwili chini ya mbavu, gumu, lenye vinundu kama pera bichi. Watu wa namna hiyo alikwisha kuwaona labda arobaini, wengi wao wanaume wa umri wake. Hakukumbuka hata mmoja aliyefika mwezi wa tano tangu kupimwa, wawe walibaki Kindu au walipelekwa mbali kwa gari-moshi. Alikaa kwenye benchi, akavaa shati, akafungua mlango. Aliogopa, na aliogopa sana, lakini foleni ilikuwa nje.

Wiki hiyohiyo ilifika barua. Shule ya wauguzi ya Kisangani ilimkubali Hadidja, na ilimtaka awe amefika kabla ya tarehe kumi na tano ya mwezi wa kumi. Asipofika, nafasi yake atapewa mwingine. Kufika huko ni boti mpaka Ubundu, kisha gari-moshi, na boti haikuwa imeonekana wiki sita kwa kukosa mazuti, mafuta ya injini. Hapo Sudi akajua kilichobaki katika maisha yake. Boti ije kabla mwili wake haujasema. Alimjua binti yake: akipata habari, hatapanda. Kuponywa hakukuomba, maana alijua ni kuomba bure; aliomba mazuti tu.

Kungoja kukawa kazi ya pili. Kila asubuhi alipita bandarini akiuliza, na kila asubuhi aliambiwa wiki ijayo. Mashavu yalianza kuingia ndani. Alitoboa matundu mapya kwenye mkanda, kisha akaanza kuvaa abakosi, lile koti la kiserikali la vifungo mpaka shingoni, hata nyumbani, na Safi alipomwuliza kulikoni alijibu kwamba mwanamapinduzi hapumziki. Usiku alimgeuzia mkewe mgongo. Safi alidhani kuna mwanamke mwingine, akanuna siku nne, na Sudi akamwacha anune kwa sababu hata hilo lilimsaidia.

Mchezo hakuweza kuuacha, maana angeulizwa sababu. Akabuni ujanja. Karata ya ini ikimwangukia, aliitupa chini kwa zamu yake ya kwanza, ili asiwepo mwenye sababu ya kumgusa pale. Jioni baada ya jioni alimtupa yule mama wa sokoni, na akashindwa mchezo baada ya mchezo, akazunguka nyumba akilia kama kuku na huku ubavu unamwaka moto. Mwamini alikuwa wa kwanza kuona.

“Baba anaitupaka ini kila siku,” alisema.

Sudi akamjibu kwamba mama yule ana mdomo mrefu, anamchosha. Mwamini akacheka. Hadidja aliinua macho kutoka kwenye karata zake, akayarudisha.

Tarehe nne ya mwezi wa kumi boti ilifika. Ingeondoka Jumamosi asubuhi, tarehe sita. Sudi alipoambiwa pale bandarini alishika kamba ya gati akasimama hivyo kitambo, watu wakidhani amesinzia. Alirudi nyumbani karibu akikimbia. Safi akafunga sanduku: vitenge viwili, sabuni, kopo la mafuta ya mawese, mchele wa Kibombo. Ijumaa, baada ya sala, Bibi Zawadi akasema mtoto hawezi kuondoka bila mchezo wa kuagana. Wakatandika mikeka, mvua ikinyesha.

Sudi alikuwa na furaha siku ile, na furaha ilimfanya mzembe. Mkononi mwake alikuwa na mtu karibu mzima, amebakiza pafu moja, na ini lilikuwa mlemle. Akafikiri, leo tu nishinde, mbele ya mwanangu, mara moja. Hakulitupa.

Zamu ikamfikia Bibi. Aligeuza uso ukutani, akanyoosha mwiko, na kwa mara ya kwanza tangu ameanza kucheza alipatia penyewe. Lau desturi ingemruhusu mkono, mkono wa mwanamke mzee ungegusa kama unavyogusa mtoto. Mwiko ule ulikuwa wa mti mgumu, umezoea kusonga bugali ya watu watano.

“Ini,” alisema Bibi.

Sudi alijikunja mpaka paji la uso likagonga mkeka. Karata zilimwagika. Sauti iliyomtoka haikuwa kubwa. Safi akacheka, Mwamini akacheka mpaka akalala chali, Bibi naye akiuchekea ukuta, kwa kuwa Sudi alikuwa na mazoea ya kufa mara mbili tatu katika kila mchezo. Naye, akiwa bado amejikunja, alijaribu kuwasaidia wacheke: akatoa ulimi, akatikisa mguu mmoja. Hadidja hakucheka. Alikuwa akitazama jasho lililokuwa likimchuruzika baba yake nyuma ya shingo.

Sudi alipojikokota kwenda chumbani, Hadidja alimfuata. Akarudisha pazia, akasimama.

“Baba, ulale.”

Sudi alimwambia akatazame kama sanduku limefungwa vizuri. Akamwambia mvua itaharibu mchele.

“Ulale, Baba.”

Hapo ndipo Sudi alipokosea, na kosa lenyewe ni la muuguzi, mtu mwingine asingelifanya. Angeweza kudanganya. Angeweza kusema ni gesi, ni mwiko wa bibi yako, na labda Hadidja angetaka kuamini. Lakini alifikiri kwamba akimwonyesha, ataelewa kama wenye kazi wanavyoelewa, kwamba hakuna la kufanya, na mtu haachi safari kwa ajili ya jambo lisilo na la kufanya. Akafungua vifungo, akalala. Mkono wa Hadidja ukaenda moja kwa moja mahali pake, bapa, mwepesi, bila kutafuta. Sudi aliona fahari, hata katika hali ile.

“Sema unaona nini,” alimwambia.

“Iko nguvu. Iko na vinundu.”

“Vidole ngapi?”

Alipima mara mbili. “Vinne.”

“Mwezi wa nane ilikuwa mbili.”

Hadidja aliutazama mkono wake mwenyewe. Hakulia. Sudi alimwona akihesabu, kidole kwa mwezi, kama alivyomfundisha kuhesabu uvimbe wa wagonjwa, na akatambua amefanya nini. Binti yake hakuwa akihesabu kwamba dawa haipo. Alikuwa akihesabu siku.

“Basi mwezi wa kumi na mbili,” alisema. “Na mimi niko Kisangani, na bato haiko.”

“Ee. Uko Kisangani, unasoma. Mimi njo naitaka vile.”

“Sitaenda, Baba.”

Sudi alimbembeleza. Kisha akamwuliza atabaki kufanya nini, amwangalie na nini, wakati hata aspirini ilikwisha tangu Jumatatu. Kisha akampigia kelele, mtu ambaye hajawahi kuinua sauti nyumbani mwake. Akamwita mjinga, akamwambia anamwua mara ya pili. Hadidja alimfunga vifungo vya abakosi kimoja kimoja mpaka cha shingoni, akatoka, akafungua sanduku. Safi aliposikia kopo la mafuta likirudishwa rafuni alikuja kuuliza, naye akaambiwa. Kilio chake ndicho kilichoeneza habari mtaani. Bibi Zawadi hakuelewa habari ya vidole wala ya miezi. Alielewa kwamba alimchoma mkwewe na mwiko na mkwewe sasa anakufa, na tangu siku ile hakuna aliyeweza kumwondolea imani hiyo, hata Sudi mwenyewe, aliyemtumia salamu za kumsamehe kupitia kwa Mwamini mara tatu.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Watu walikuwa wakipita na majembe kwenda salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, na Sudi alikuwa ameketi mlangoni, amejifunika blanketi, anatazama upande wa mto ingawa kutoka Mikelenge hauonekani. Boti ilipiga honi. Ikapiga tena. Hadidja alikuwa amepiga magoti mbele yake na bakuli la uji, akiupuliza upoe, na honi ya tatu ilipolia aliendelea kupuliza. Sudi alitaka kumwambia kwamba bado kuna muda, kwamba akikimbia ataiwahi. Lakini alijua vizuri kwamba hakuna muda. Aliutazama mkono wa binti yake ukileta kijiko, akafungua mdomo, akala.