Kutoa feni ya belt na kuweka ya umeme kwenye Datsun 160J: yaliyonikuta nikipanda Sachangwan

Wakuu, niaje. Heshima kwa wakubwa wa jukwaa, na vijana pia nawasalimu.

Haya nitakayosimulia yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Nakuru, na sitaongeza chumvi. Mke wangu husoma hili jukwaa, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza siwezi.

Nina Datsun 160J, ile ya kabureta mbili. Niliinunua Njoro ikiwa ganda tu, kuku wanalala kwa kiti cha nyuma, nikaijenga polepole mpaka ikarudi barabarani. Nikiwa mtoto hizi gari zilikuwa zinapita karibu na kwetu wakati wa rally, sisi tunakula vumbi tukishangilia. Naipenda hii gari na sioni haya kusema.

Shida yake ilikuwa moja. Ilikuwa inachemka.

Si mjini. Kutoka nyumbani Section 58 mpaka duka langu la mbegu na dawa za mifugo ilikuwa inaenda vizuri kabisa. Shida ilikuwa mlima.

Mnaopita highway mnajua. Ukitoka Salgaa kupanda Sachangwan unakuta trela zimejipanga, zinatambaa, na huwezi kuzipita. Unabaki nyuma yao, moshi usoni, na geji ya temperature inapanda mlima pamoja na wewe.

Wazazi wa mke wangu wako Molo. Kwa hivyo huo mlima ni wetu kila mwezi.

Mara ya mwisho ilipochemka, Mama Njeri, ndiye mke wangu, alisimama kando ya barabara kwa matope, na viatu vya kanisa, amebeba keki ya mama yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Njeri, nikisimama hapa tena, hii gari inaenda Milimani."

Huko Milimani kuna mzee mmoja mstaafu anayekusanya magari ya zamani. Amekuwa akiitaka hii Datsun tangu nilipoipaka rangi, na alikuwa na namba ya mke wangu. Nikajua sasa hakuna mchezo.

Tuje kwa feni.

Ya zamani ilikuwa ya belt, inazungushwa na injini. Ubaya wake ni kwamba injini ikienda polepole, nayo inaenda polepole. Yaani ukiwa nyuma ya trela, wakati unaihitaji zaidi, ndio imelegea. Pia inakula nguvu ya injini, na mtu hajengi gari ya kabureta mbili ili nguvu iishie kwa feni.

Niliuliza watu. Mmoja akasema nibaki na ya belt lakini niweke yenye blade nyingi. Mwingine akasema nitoe thermostat, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto, eti hii ni Africa.

Jamani, hiyo tabia ya kutoa thermostat tutaiacha lini? Yangu ilikuwa imetolewa kitambo, na gari ilichemka vile vile. Asubuhi ya baridi injini ilikuwa haipati joto na inakunywa petroli bila huruma. Niliirudisha, na kwa hilo sibishani na mtu.

Mwishowe nikaamua feni ya umeme, nikaenda kwa wauzaji wa spare za ex-Japan. Pale tuna njia yetu ya kuchagua. Muuzaji anaunganisha feni na betri, unaweka mkono mbele yake, na ile yenye upepo mkali ndiyo unabeba.

Kulikuwa na mbili nyembamba, mpya, zinang'aa. Upepo wake ulikuwa wa kupoza chai. Nikaziacha, nikabeba moja kubwa iliyotoka kwa gari ya lita mbili, pamoja na kava yake ya plastiki inayofunika rejeta karibu yote.

Fundi wangu ni Otieno, tumetoka mbali na yeye. Aliifunga nyuma ya rejeta, upande wa injini, akaweka relay, na swichi chini ya dashboard. Tukawasha. Tukasimama mbele ya gari, tukaweka mikono kwa grili.

Hatukusikia upepo wowote wa maana.

Otieno akakuna kichwa, akabadilisha zile waya mbili, ya positive ikaenda kwa negative. Tukawasha tena. Sasa upepo ukatupiga mpaka kofia yake ikainuka.

"Hiyo sasa ndiyo feni, boss," akasema.

Nami nikakubali, tukapeana mikono. Tuliiacha gari inanguruma pale garage mpaka tukamaliza chai, na geji ikakaa katikati.

Wale mmeshaona kosa, nyamazeni kidogo.

Jumapili tukatoka kanisani kuelekea Molo. Mama Njeri alitaka tuende na pickup ya duka. Nikakataa. Akasema basi tupitie Njoro na Elburgon tuepuke zile trela. Nikakataa hiyo pia. Nilitaka Sachangwan ndiyo itoe hukumu.

Ikatoa. Hatukuwa tumefika hata nusu ya mlima, geji ikaanza kupanda. Nikafungua madirisha, nikawasha heater ya ndani tupunguze joto la injini, tukachomeka miguu. Mke wangu akatoa simu kwa mkoba, na hapo ndipo niliogopa kabisa. Mvuke ulipotoka kwa boneti nikaegesha kando.

Nilihuzunika, wakuu. Nilikaa kwa usukani nikimuona yule mzee wa Milimani akiosha gari yangu na kitambaa laini.

Nilikuwa nimezima injini lakini feni nimeiacha, kwa sababu swichi yake inajitegemea. Nje kulikuwa na ukungu na baridi ya huko juu. Mama Njeri akashuka, akajifunga leso mabegani, akazunguka mbele ya gari. Nikajua anapiga simu. Nikashuka mbio kwenda kujitetea.

Nikamkuta ameinama, mikono yote miwili mbele ya grili, anaota joto.

"Usiizime," akasema. "Hii heater yako angalau inafanya kazi."

Nilitaka kucheka, halafu nikasimama. Inafanya aje kazi? Feni iko nyuma ya rejeta. Kazi yake ni kuvuta hewa baridi kutoka nje iingie ndani. Kama mtu anapata joto akisimama mbele ya gari, basi hewa inatoka badala ya kuingia.

Nikachukua karatasi ya matangazo ya kanisa, nikaiweka kwa grili. Ikaruka mpaka kwa mtaro.

Ndio hivyo. Gari ikisimama garage, hewa ikipita upande wowote inapoza. Lakini ukitembea, upepo wa barabara unataka kuingia, feni inausukuma utoke, na zote mbili zinazuiana kwa rejeta kama trela mbili kwa daraja jembamba. Otieno alikuwa ameifunga vizuri mara ya kwanza. Feni inayovuta haikupigi mkononi. Tuliiharibu kwa sababu sisi hatuamini feni mpaka itupulize.

Nikamweleza mke wangu yote. Akaniangalia.

"Kwa hivyo ni waya mbili tu?"

"Ni mbili tu."

"Basi badilisha twende. Mama anangoja na chakula."

Nikabadilisha. Tukangoja injini ikapoa, nikaongeza maji, nikajaribu karatasi nyingine. Ikanasa kwa grili kama imegundishwa. Tukaingia nyuma ya trela iliyokuwa inaenda mwendo wa mtu na mbuzi wake, na geji ikakaa katikati mpaka Molo. Nilifurahi hadi nikaimba, na mimi si mtu wa kuimba.

Baada ya chakula Mama Njeri akasema, "Leta funguo. Nataka kuona kile wewe huona kwa hii gari." Hajawahi kuniomba hivyo. Akaendesha yeye mpaka Nakuru, na tulipofika pale barabara inanyooka karibu na Ngata, akakanyaga. Zile kabureta zikafunguka. Nilimwona akitabasamu peke yake.

Somo langu ni hili. Usichague feni kwa ukali wa upepo peke yake. Angalia kama ina kava, kwa sababu bila kava inavuta hewa pale katikati tu na kona za rejeta zinabaki moto. Na ukishaifunga nyuma ya rejeta, usiweke mkono, weka karatasi. Ikinasa, uko sawa.

Wenye magari ya zamani, nyinyi mliweka feni gani, na alternator zenu zinavumilia taa zikiwaka usiku? Mafundi pia mnikosoe, sitakasirika.

Na wale mtanitumia ujumbe kuuliza kama inauzwa, msijisumbue. Mzee wa Milimani alipiga simu jana, Mama Njeri akamjibu kwa heshima zote kwamba gari iko na mwenyewe. Alikuwa ameshikilia funguo mkononi, na mimi sikuuliza mwenyewe ni nani.