Mchezo wa Kupakia Ngamia

Kwa wiki nzima nilikosa usingizi kwa wazo moja: mchezo wangu ukiwa na kosa, wageni wa makumbusho watajifunza uongo, na uongo huo utakuwa wangu. Nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu wa kuwatengenezea mchezo huo hapa Garissa. Katika mchezo huo wa tableti, mgeni alipakia nyumba ya wafugaji wanaohamahama, ya fito na mikeka, juu ya ngamia kwa mpangilio niliokisia kutoka kwenye picha moja ya zamani.

Siku moja kabla ya uzinduzi, mama mmoja muuza maziwa aliingia akaujaribu. Kila alipogusa mikeka, kioo kilimwandikia: Umekosea.

"Habaryar, anza na fito," nilimwambia kwa heshima, nikimwita mama mdogo kwa Kisomali.

"Fito bila mikeka chini zitamchubua ngamia mgongo. Mimi nimehama tangu utotoni. Wewe na simu yako mmehama lini?"

Mimi nimezaliwa mjini. Kurekebisha kungechukua siku nne, na meneja wa makumbusho alishasema bila mchezo kesho asubuhi mkataba wangu utavunjwa. Nilijitafutia visingizio: labda kila ukoo una namna yake, labda hakuna atakayegundua. Lakini uongo ungebaki kuwa wangu.

Nilimwandikia meneja kwamba mchezo hauko tayari, nikaufuta kwenye tableti zote, kisha nikamvutia yule mama kiti anieleze tangu mwanzo.