Pikapu Isiyopenda Kwenda Tupu

Madereva wa barabara ya Garissa ndio walionijulisha kwamba pikapu yangu ni mgonjwa. Nilikuwa naelekea sokoni alfajiri, nyuma nimejaza matikiti maji, na kila gari lililonijia lilinipigia taa. Nikadhani nimeanza kujulikana. Nikawapungia mkono, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa tano alipotoa kichwa dirishani na kunitukana vizuri sana. Ndipo nikashuka kuangalia. Pikapu ilikuwa imeketi kwa mkia kama mbwa, pua juu, na taa zangu zilikuwa zinamulika nyuso za watu badala ya lami.

Fundi wangu wa spring yuko Ruiru, mtu mrefu aliyetoka magharibi, asiye na haraka na chochote isipokuwa chai. Alijilaza chini ya gari, akagonga hapa na pale, akatoka akitikisa kichwa. Pikapu kama yangu, nyuma yake hubebwa na vyuma vipana vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, ambavyo mafundi huviita majani. Majani yangu yalikuwa yamechoka hadi yakanyooka.

"Madam, tunaongeza mbili kila upande, na shokabsoba mpya. Hiyo inatosha kabisa."

"Weka nne."

"Nne ni nyingi. Ukiwa na mzigo utafurahi, lakini ukienda empty itakurusha kama punda."

"Mimi siendi empty."

"Hata siku moja?"

"Fundi, weka nne."

Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi ni mtu wa kuongeza: nikipika ugali nusu yake hulala, nikishona gauni huacha nafasi ya mtu mwingine kuingia. Akaweka manne kila upande, na pikapu ikasimama makalio juu kama iliyoitwa ngomani. Nilipojaza matikiti siku iliyofuata, haikuinama hata kidogo. Mashimo yote niliyoyajua kwa majina sikuyasikia. Nilipofika Kiuu, ninakoishi, nikapiga honi bila sababu, na mama mboga wa pale chini akauliza kama nimeolewa tena.

Kisha ikafika Jumanne ya mama.

Matikiti yangu hulimwa Ngoliba, katika shamba la mama, na kila Jumanne ya pili nilikuwa nikimchukua pale kumpeleka kliniki Thika kwa ajili ya mgongo. Mgongo ule ulibeba maji na kuni miaka mingi, kamba ikiwa kichwani, na sasa ulikuwa unadai haki yake. Lakini kwangu Jumanne haikuwa kliniki. Mama si mtu wa simu. Kwenye simu husema "tuko sawa" na kukata, utafikiri mazungumzo yanaharibika kama maziwa. Ndani ya gari, macho yote mawili yakiwa mbele, ndipo huongea: nani amegombana na nani, ndoto aliyoota, baba alikuwaje kabla mimi sijazaliwa. Nilikuwa naingoja siku hiyo kuliko alivyoingoja yeye.

Jumanne hiyo matikiti hayakuwa tayari, kwa hiyo nyuma palikuwa patupu. Hatukupita hata nyumba ya tatu. Kila kijiwe kilimrusha mama kutoka kitini na kumrudisha.

"Simamisha."

"Nini, Mami?"

"Simamisha, maitu."

Mama huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimechukua jina la mama yake. Hulitumia akiwa anabembeleza au akiwa amekasirika, na siku hiyo ilikuwa vyote viwili. Alishuka taratibu akishikilia mlango, akasema ataenda kwa boda boda.

"Boda boda! Mami, na vile nimetengeneza gari!"

"Umelitengenezea matikiti," akasema.

Akampata mwendesha boda mpole aliyeendesha kama amebeba mayai, nami nikawafuata nyuma na pikapu yangu, nikirukaruka peke yangu kama mlinzi wa rais aliyefukuzwa kazi. Tulienda hivyo Jumanne mbili. Ya tatu akasema hana haja ya kliniki tena, mgongo umepona. Nilijua anadanganya kwa sababu alinipokea akiwa ameketi, na mama hajawahi kumpokea mgeni akiwa ameketi. Iliniuma. Nilikuwa nimempokonya daktari na nikajipokonya yeye, kwa ubishi wangu wa vyuma. Nikampigia fundi simu, nikamwambia atoe mawili kila upande. Hakunicheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akasema nije Alhamisi.

Jumatano asubuhi jirani wa mama akanipigia. Mama ameinama kumfunga mbuzi na hawezi kuinuka.

Nilitoka Kiuu kama nilivyo, na leso kichwani. Nilimkuta wamemlaza kwenye godoro, uso wa rangi ya jivu, akiwaelekeza watu jinsi ya kumpa mbuzi majani. Tukambeba na godoro lake tukamlaza kwenye viti vya nyuma, maana pikapu yangu ni ya kebini mbili. Nikawasha gari, nikaondoka kuelekea Thika kwa mwendo wa konokono, na gurudumu la kwanza lilipogusa jiwe mama akalia. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akilia, hata tulipomzika baba. Nikazima gari. Sikujua la kufanya.

Yule jirani akaja dirishani. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Hii gari yako ikipita hapa na matikiti hata kuku hawaamki," akasema. "Shida yake ni njaa. Iko na matikiti?"

"Yaliisha wiki iliyopita."

Akaingia kwake, akatoka na mtungi wa maji wa lita ishirini, umejaa. Akaupandisha nyuma. Akarudi akaleta wa pili. Ngoliba wakati huo bomba lilikuwa limekauka zaidi ya wiki. Maji hayo yaliletwa na punda jana yake, na watu walikuwa wanayatumia kwa kikombe. Nilitaka kumkataza.

"Wewe shika usukani," akaniambia. Kisha akapaza ile sauti yake upande wa nyumba nyingine.

Wakaja. Mmoja na mitungi miwili, mwingine na mmoja uliofungwa kwa karatasi ya nailoni kwa kuwa kifuniko kilipotea, mzee mmoja na mtungi kwenye toroli. Hakuna aliyeuliza maji yatarudi lini. Waliipanga yote karibu na kebini, wakaifunga kwa kamba ya mbuzi. Ilipozidi ishirini, pikapu ikashuka kidogo, polepole, kama mtu aliyekubali hatimaye kuketi.

Nikawasha. Tukapita lile jiwe. Tukapita mtaro. Nyuma hapakusikika kitu ila maji yakicheza ndani ya mitungi, nami machozi yalikuwa yananishuka hadi shingoni na sikuthubutu kuachia usukani nijifute.

"Mami, unaumia?"

"Endesha. Usimwage maji ya watu."

Tukaenda. Karibu na lami akaniambia nisimamishe, nikadhani maumivu yamerudi. Kumbe alikuwa anasikiliza: ule mtungi wa nailoni unadondosha, akasema, nenda ukaukaze. Nikashuka nikaukaza kwa leso yangu, nikarudi.

"Sasa twende polepole," mama akasema kutoka kule nyuma alikolala, "nikuambie kile kifuniko kilipotelea wapi, na mwenye mtungi alikuwa na nani."